Diski Mbili za Gari la Mkunga

Nimestaafu tangu mwezi uliopita, na bado kila asubuhi mkono wangu unatafuta ovaroli kwenye msumari nyuma ya mlango kabla sijakumbuka kwamba niliiacha karakana. Ninyi vijana wa karakana mliniambia niandike, kwa sababu nikisimulia mnacheka, mnakunywa chai, mnasahau. Basi naandika. Sitasema nilipanda cheo lini wala nilikuwa nalipwa nini. Hayo yako kwenye faili, na faili lina kabati lake. Nitaandika habari za breki, maana ndizo nilizozishika miaka mingi kuliko kitu kingine chochote, na hasa habari za gari moja ambalo kila nikilikumbuka mwili unanisisimka.

Nilizaliwa Misungwi kwa mkulima wa pamba, nikaitwa Kabula kwa kuwa nilikuja na mvua. Nilipomaliza shule ya ufundi ilikuwa ile miaka ambayo kila mkutano wa hadhara ulisema mwanamke anaweza kazi yoyote. Kwa hiyo nilipofika na barua yangu kwenye karakana ya serikali pale Igogo, hakuna aliyethubutu kunikataa. Walinipa ufagio. Nilifagia siku mbili, nikaijua sakafu ile vizuri kuliko waliokuwa wakiilalia chini ya magari.

Siku ya tatu akaniita Fundi Kaijage, mkuu wa kitengo cha magurudumu na breki. Alikuwa Mhaya, Mlutheri, mwembamba, miwani yake imefungwa kwa uzi nyuma ya kichwa, na akifanya kazi alipiga miluzi ya nyimbo za kanisani kupitia kwenye pengo la meno.

"Weka huo ufagio," akasema. "Panda kwenye lile lori, ukae kwa dereva."

Lori lilikuwa limeinuliwa kwa jeki, gurudumu la mbele linaning'inia hewani. Mafundi wawili wenye vifua vyao walikuwa wakilizungusha kwa mikono. Fundi akaniambia nikanyage breki. Nikakanyaga. Gurudumu likasimama. Akawaambia wale wawili walizungushe kwa nguvu zao zote, wakajaribu mpaka mishipa ya shingo ikawatoka, gurudumu halikutikisika.

"Umetumia nguvu nyingi?" akaniuliza.

"Hapana, fundi. Kidogo tu."

"Shuka, uniambie hiyo kidogo yako imepita wapi."

Nikashuka, nikalala chini, nikatafuta. Nilitegemea kuona nondo, mnyororo, kitu chochote kinene. Nikakuta kibomba chembamba kama bua la mtama, kimefuata ubavu wa fremu mpaka kwenye gurudumu. Nikakifuata kwa kidole toka mwanzo hadi mwisho.

"Imepita humu?"

"Humu humu. Na ndani hamna kitu ila mafuta kidogo."

Nilirudi nyumbani kwa shangazi nikashindwa kumweleza. Nilimwambia kwamba leo nimewashinda wanaume wawili kwa unyayo mmoja, naye akaniuliza kama nimekula. Lakini kuanzia siku ile sikuwahi kukanyaga pedali ya breki kama mtu anayekanyaga ardhi. Mafuta kiasi cha kikombe cha chai yanabeba agizo la mguu wako, yanalifikisha pembe nne za gari kwa mara moja, na mzigo wa tani kadhaa unatii. Nimefanya kazi hiyo maisha yangu yote, na bado sijaizoea.

Fundi Kaijage alinifundisha polepole. Kwanza alitaka kunirekebisha matamshi, maana sisi Wasukuma tunasema bleki. Baada ya mwezi akakata tamaa, akasema gari halijali, litasimama hata breki ikiitwa bleki. Kisha akanifundisha dramu. Magari karibu yote ya wakati ule yalikuwa na breki za dramu. Dramu ni kama sufuria la chuma linalozunguka pamoja na gurudumu. Ndani yake mna viatu viwili vilivyovikwa ngozi ngumu, na ukikanyaga breki viatu vinatanuka kuubana ukuta wa sufuria. Nilijifunza kuzipima kwa vidole, kusikia dramu iliyopinda kwa kuigonga na kusikiliza mlio, kutoa upepo kwenye mabomba mpaka pedali iwe ngumu kama kisigino.

Nilijifunza pia jambo baya, nalo naliandika ili mlijue. Tulikuwa tukifungua dramu tunapuliza vumbi kwa mdomo. Fundi alipuliza hivyo miaka yote ya kazi yake, na alikuwa na kikohozi ambacho sote tulidhani ni cha baridi ya ziwani. Hakikuwa cha baridi. Kilikwenda naye mpaka Bukoba alikozikwa. Kwa hiyo nikiona mmoja wenu anapuliza vumbi la breki, hata kama sipo kazini, nitakuja.

Sasa hilo gari. Vita vya Kagera vilikuwa vimekwisha na vitu vimeadimika. Vipuri havikuwepo, sabuni haikuwepo, tairi ilikuwa kitu cha kuombewa kibali. Tulikuwa tukitengeneza gari moja kwa kula magari mawili. Mvua za masika zilikuwa zimeanza pale lilipoingia uani gari moja la zamani la Kiingereza, lenye mlango mpana wa nyuma, limevutwa na trekta. Taa zote mbili za mbele zilikuwa zimepasuka na majani ya mafunjo yamenasa kwenye bampa.

Aliyeshuka kwenye trekta alikuwa mama wa makamo, mfupi, amevaa sare ya uuguzi na gambuti za matope. Alikuwa Mama Alodia, mkunga wa zahanati ya kijiji upande wa pili wa ghuba, upande wa Sengerema. Gari lile aliachiwa na daktari mmoja wa misheni aliyerudi kwao, akajifunza kuliendesha mwenyewe, na kwa miaka sita lilikuwa ndilo linaloleta wajawazito wenye matatizo hadi kwenye kivuko na kutoka kivukoni hadi hospitali kubwa ya mjini.

Yeye na Fundi wakasalimiana Kihaya, salamu ndefu iliyopita kwa wazazi na migomba ya nyumbani. Kisha akageukia Kiswahili ili sote tusikie.

"Nilikuwa na mama nyuma, uchungu wa siku ya pili," akasema. "Pale kabla ya kivuko kuna bonde, na mvua ilikuwa imelijaza. Nikapita, maji yakafika kwenye milango. Nikapanda, nikaanza kushuka mteremko wa kwenda kwenye maji. Nikakanyaga breki. Pedali ilikuwa ngumu, haikuzama hata kidogo. Lakini gari halikusimama."

"Dramu zilijaa maji," Fundi akasema.

"Sikujua ni nini. Nilijua mbele kuna ziwa na kuna watu. Nikakata usukani kwenye mawe na mafunjo, gari likasimama magurudumu ya mbele yakiwa majini. Wavuvi walituvusha kwa mtumbwi. Mama yu hai. Mtoto hatukumpata."

Hakulia wala hakupandisha sauti. Alikuwa anaangalia gurudumu.

"Tutakukazia viatu, tutakubadilishia ngozi," Fundi akasema. "Lakini mama, nisikudanganye. Dramu ni sufuria. Maji yakiingia yanakaa. Ukishavuka bonde inabidi ukanyage kidogokidogo mwendo mrefu mpaka zikauke. Ni breki za kusubiri."

"Mimi nabeba watu wasiosubiri," Mama Alodia akasema. "Nitengenezee gari linalosimama likiwa limelowa."

Fundi alivua miwani, akaifuta kwa kitambaa kilichokuwa kichafu kuliko miwani yenyewe, akaenda zake nyuma ya karakana. Nikamfuata.

Kule nyuma, kwenye majani marefu, kulikuwa na gari moja la Kifaransa la ofisi ya serikali. Lilikuwa jipya kiasi, ila lori lilikuwa limelikunja kuanzia mlango wa nyuma mpaka kwenye buti. Mbele halikuguswa. Fundi akaniambia nifungue gurudumu la mbele.

Nikalifungua, nikachuchumaa. Nilikuwa nimefungua mamia ya magurudumu na siku zote nilikuta sufuria limefunikwa. Hili halikuwa na kifuniko. Kulikuwa na sahani moja ya chuma, bapa, inang'aa kama imepigwa msasa asubuhi ile ile, na kwenye ukingo wake limekaa koleo nene la chuma, limeishika sahani pande zote mbili kama unavyoshika chapati kwa kidole gumba na cha shahada.

"Hiyo sahani wanaiita diski," Fundi akasema. "Hilo koleo ni kalipa, na ndani yake mna pedi mbili. Nimeisoma kwenye kitabu. Sijawahi kuifunga."

"Maji yakiingia?"

"Yaingie wapi? Iko wazi. Ikizunguka inayarusha yote nje."

Nikaizungusha kwa mkono. Ilikwenda kimya kabisa. Nilitazama kitu kile kwa muda, na mshangao ulioniingia ulikuwa kama ule wa siku niliyofuata kibomba kwa kidole. Kwamba kuna mtu mahali fulani alikaa akaona kwamba kinachofichwa ndani ya sufuria kinaweza kufanywa peupe, chembamba, chepesi, na kikafanya kazi vizuri zaidi.

Tatizo la kwanza halikuwa la chuma. Gari lile lililokunjwa lilikuwa mali ya serikali, na barua ya kulifuta kwenye orodha ya magari ilikuwa haijatoka Dar. Meneja wetu, Ndugu Mabula, alikuwa mtu mwadilifu aliyeogopa bisibisi moja isipotee, na siwezi kumlaumu, wakati ule watu walifungwa kwa makosa madogo kuliko hayo. Fundi akaenda kwake akarudi bila kitu. Mama Alodia akaenda mwenyewe, akaniambia nimbebee ile diski, meneja aione.

"Mama, hiyo ni mali ya umma," Ndugu Mabula akasema. "Siwezi kuichomoa kipande kipande."

"Ndugu Meneja, gari langu nalo ni mali ya umma. Zahanati ni ya kijiji. Ninaomba mali ya umma itoke kwenye gari lililokufa iende kwenye lililo hai."

"Na wakija wakaguzi wakaniuliza?"

"Waambie wamuulize mkunga. Nitakuja na daftari langu la wazazi, wasome."

Ndugu Mabula akaitazama diski mikononi mwangu, kisha akatazama gambuti za mama. Akavuta karatasi, akaandika mistari minne, akagonga muhuri. Akaandika jina lake chini ya muhuri, akanikabidhi karatasi. Watu wengi husimulia ushujaa wa mafundi katika kazi ile. Mimi huwa naanza na ule muhuri.

Kazi ilituchukua karibu majuma matano, kati ya kazi nyingine. Ninyi mnaofungua boksi mkakuta kila kitu kinaingia penyewe, sikilizeni. Gari la Kiingereza na gari la Kifaransa hayakuwa na hata bolti moja ya kusalimiana. Habu ya Kifaransa, ile inayobeba diski, tundu lake lilikuwa pana kuliko ekseli yetu. Kalipa haikuwa na pa kushikia. Na rimu za Kiingereza zilikuwa ndogo, zikifungwa zinasugua kalipa. Tukaamua magurudumu ya mbele yavae rimu za Kifaransa na ya nyuma yabaki na zake. Ndiyo maana gari lile, hadi mwisho wake, lilibeba tairi mbili za akiba zisizofanana, na kila askari wa barabarani alitaka kuelezwa.

Bamba la kushikia kalipa tulilikata kwenye chuma kinene kilichobaki bandarini walipokuwa wakitengeneza meli. Fundi alilichora kwa chaki, nami nikalikata kwa gesi na kulipiga tupa siku tatu mpaka viganja vikachubuka. Pete za kupunguza tundu la habu zilihitaji mtu wa kukereza, na kwa kazi ya namna hiyo alikuwepo mmoja tu, Mzee Magesa wa karakana ya meli, Mjita, mtu wa maneno machache. Tulimpelekea vipimo. Akavisoma, akauliza swali moja.

"Mnataka iingie kwa kusukumwa au kwa kuombwa?"

"Kwa kusukumwa," Fundi akasema.

Alipotukabidhi zile pete nilizipima zote. Zilikuwa sawa mpaka nikadhani kipimo changu kimekwama. Mzee yule hakuwa na mashine nzuri. Mashine yake ilikuwa ya tangu Wajerumani au karibu na hapo, inatikisika kama cherehani. Uzuri ulikuwa mkononi mwake. Pete ilisimama mdomoni mwa habu, nikaigonga kwa kipande cha gogo mara nne, ikaingia na kukaa, na hata wembe usingepita katikati.

Tukafunga, tukatoa upepo, tukaenda kulijaribu barabara ya Pasiansi kwa sababu imenyooka. Fundi ndiye aliyeendesha, mimi pembeni yake. Akakanyaga mara ya kwanza, gari likasimama kama limeshikwa na mkono. Tukaangaliana. Akaondoka tena, akakanyaga tena, likasimama tena. Alikuwa ameanza kupiga miluzi.

Tulipofika karibu na nyumba za mwisho gari likaanza kuwa zito. Akaongeza mafuta, likazidi kuwa zito. Kisha ikaja harufu, na moshi kwenye magurudumu ya mbele. Tukashuka. Diski zilikuwa zimebadilika rangi, za bluu kama shingo ya njiwa. Pedi zilikuwa zimeshika na hazitaki kuachia, wakati hakuna mguu kwenye pedali.

Tulikaa kando ya barabara tukisubiri chuma kipoe. Fundi alikohoa muda mrefu.

"Tumekosea, Kabula," akasema. "Rudisha dramu. Afadhali breki inayokataa kushika kwenye maji kuliko inayoshika penyewe barabarani na mgonjwa ndani."

Hiyo ilikuwa siku ya Alhamisi. Ijumaa nikatakiwa kuzifungua. Nikainua gari kwa jeki, nikajaribu kuzungusha gurudumu, halikuzunguka. Kabla sijaondoa kalipa nikalegeza nati ndogo ile ya kutolea upepo, ili nimwage mafuta. Mafuta yakaruka, yakanipiga shavuni. Na gurudumu likaachia lenyewe, likazunguka taratibu.

Nikasimama pale na mafuta yananichuruzika. Hakuna mtu aliyekuwa amekanyaga pedali. Kwa hiyo ni nini kilichoyasukuma? Kulikuwa na nguvu imebaki ndani ya bomba, imefungiwa, haina njia ya kurudi.

Nikafuata bomba kwa kidole, kama siku ya kwanza, ila safari hii kuelekea nyuma, kutoka gurudumuni hadi kwenye masta silinda, ile pampu ndogo inayosukumwa na pedali. Nikaifungua. Mlangoni pa kutokea mafuta nikakuta kivalvu kidogo cha mpira na springi, si kikubwa kuliko kitufe cha shati. Nikaenda kwenye gari la Kifaransa, nikafungua ya kwake. Haikuwa na kitu hicho.

Nikakaa chini nikafikiri. Viatu vya dramu vina springi kubwa za kuvirudisha, kwa hiyo aliyetengeneza gari la Kiingereza aliweka kivalvu kile kibakize nguvu kidogo kwenye bomba ili viatu visirudi mbali sana. Kwa dramu nguvu hiyo si kitu. Lakini pedi za diski hazina springi ya kuzirudisha. Nguvu ile ndogo, ndogo kuliko ya kidole cha mtoto, ilikuwa inazibana kwenye sahani muda wote, na sahani ikawa jiko.

Nilimpelekea Fundi kile kivalvu kwenye kiganja. Nikamweleza, nikigugumia, maana sikuwahi kumwambia mtu aliyenifundisha jambo asilolijua. Akakichukua, akakiinua kwenye mwanga wa dirisha, akakigeuza.

"Kitu hiki?" akasema taratibu.

"Hicho hicho, fundi."

"Na nyuma tumebakiza dramu. Nyuma kinahitajika."

"Nimewaza tukihamishie kwenye bomba la nyuma peke yake."

Fundi akaenda kwenye daftari la kazi za karakana, akalifungua mahali palipoandikwa gari la zahanati, akanipa kalamu. "Andika ulichokiona," akasema, "na uweke jina lako. Mimi nitatia sahihi chini yako."

Tukakihamisha. Tukazipiga diski msasa, tukabadilisha pedi kwa zile nne za akiba tulizozikuta kwenye buti lililokunjika, na hadi leo sijui nimshukuru nani. Tukarudi barabara ya Pasiansi, tukaenda na kurudi mara sita. Kisha tukalishusha gari ufukweni, tukaliingiza ziwani maji yakafika kwenye habu, tukalitoa, na hapo hapo Fundi akakanyaga. Lilisita kwa pumzi moja, likasimama. Wanawake waliokuwa wakifua pale walitutazama kama watu wawili waliopungukiwa akili.

Fundi alisema gari lisiachwe bila fundi kwa juma la kwanza, na yeye kifua kilikuwa kimembana. Basi nikaenda mimi. Nililala kwa Mama Alodia kule zahanati, nikawa nakagua magurudumu asubuhi na jioni. Siku nne hakuna kilichotokea. Siku ya tano, mvua ikinyesha tangu alfajiri, wakamleta binti mmoja kwa baiskeli ya kubebea wagonjwa. Jina lake Minza, ujauzito wa kwanza. Mama Alodia akampapasa tumbo mara moja tu.

"Mtoto amelala kwa ubavu," akaniambia kando. "Huyu hawezi kuzaa hapa. Ni kisu."

Tukamlaza nyuma, mama mkwe wake akampakata kichwa. Mama Alodia akashika usukani, mimi nikakaa mbele. Bonde lilikuwa limejaa. Tukapita polepole, maji yakipiga milango, nikasikia yakibubujika chini ya miguu yangu. Tukapanda kilima. Nikajua kwamba pale juu, ukishavuka tu, ni mteremko mmoja hadi kwenye maji, na hakuna nafasi ya kukausha kitu chochote.

Tulipovuka kilele, barabara ilikuwa imejaa ng'ombe. Kivuko kilikuwa kimefika na mtu alikuwa akipandisha kundi lake kilimani, barabara nzima, pembe kwa pembe, na katikati yao wanawake na mizigo kichwani. Kushoto mawe, kulia mtaro. Nilimtazama Mama Alodia. Uso wake ulikuwa umekauka. Alikuwa anaona mteremko ule ule, na najua alikuwa anaona pia siku ile nyingine.

Akakanyaga.

Nilihesabu bila kutaka. Moja, na hakuna kitu. Nikasikia maji yakisambaa pembeni, yakirushwa. Kisha pua ya gari ikainama, ukanda wa kitambaa nilioshika ukanivuta, na gari likasimama, limenyooka, bila kelele. Ng'ombe mmoja mwekundu akaja akanusa boneti, akapita. Wengine wakamfuata pande zote mbili, kama maji yanavyolizunguka jiwe.

Mama Alodia hakuondoa mguu kwenye pedali. Mikono yake ilikuwa juu ya usukani, nayo ilikuwa imetulia kabisa. Mimi nilikuwa najua kila kipande kilichokuwa chini yetu. Nilikuwa nimekipima, nimekipiga tupa, nimekigonga kwa gogo. Na bado niliona kama limetendeka jambo ambalo sisi hatukulifanya.

Kutoka nyuma sauti ya Minza ikauliza, "Tumefika?"

"Bado kidogo, mwanangu," Mama Alodia akasema. "Tunawapisha ng'ombe."

Minza alikuwa hajui chochote. Mpaka leo hajui. Alifanyiwa upasuaji alasiri ile, mtoto akatoka wa kike, na mimi niliondoka hospitalini sijamwona mtoto, wala mama yake hajajua mimi ni nani. Nimewaza mara nyingi juu ya hilo. Daktari hushukuriwa, mtoto hupewa jina la mkunga. Kazi yetu ikifanyika sawasawa, mtu huuliza tu kama amefika.

Jioni ile Mama Alodia alinipitisha pale Igogo kabla hatujageuza kurudi. Fundi Kaijage alikuwa amekaa kwenye benchi la karakana na shuka mabegani. Nikamwamkia, nikamsimulia yote, bonde, kilele, ng'ombe. Alisikiliza bila kunikatiza.

"Lilivuta upande?" akauliza.

"Halikuvuta, fundi. Lilinyooka."

Akatikisa kichwa kukubali. Kisha akainuka, akatembea na shuka lake hadi kwenye gari lililokuwa linanguruma pale langoni, akamwomba Mama Alodia azime injini. Akachuchumaa kando ya gurudumu la mbele, akaweka kiganja karibu na rimu, bila kuigusa, kama mtu anayeota moto.

"Bado lina joto," akasema.

Nikachuchumaa karibu yake, nami nikaweka kiganja changu. Mama Alodia akashuka, akazunguka, akainama na gambuti zake, akaweka cha kwake. Mvua ilikuwa imekatika, na kupitia matundu ya rimu tuliiona ile sahani, kavu, inang'aa.